Kupokezana Usukani

Somo: Matendo ya Mitume 18:1–4 na 18:18–26; Warumi 16:3–5

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni katika kipindi cha asubuhi. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)

 

Leo nataka tuzungumze juu ya mume na mke walio safarini, na juu ya usukani.

Katika nchi ya Marekani kuna desturi ambayo kwetu si ya kawaida. Watu wakiisha kustaafu kazi, na watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, wako mume na mke wanaonunua gari kubwa ambalo ni nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko, meza, choo, na tangi la maji. Wengine hulitumia wakati wa likizo tu. Wengine huuza nyumba yao na kukaa garini mwaka mzima, wakihamia kusini wakati wa baridi na kurudi kaskazini wakati wa joto. Kampuni ya Winnebago, katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kuunda magari hayo mwaka wa 1966, na tangu hapo yameenea sana. Sisi leo tuyaite magari-nyumba.

Gari-nyumba si kitu kidogo. Yaliyo makubwa hufikia mita 12 na zaidi, kama basi la kwenda Mombasa, na uzito wake waweza kupita tani 10. Hata hivyo, katika majimbo mengi ya huko mtu mwenye leseni ya motokaa ya kawaida huruhusiwa kuliendesha. Majimbo machache, kama Texas na California, hudai leseni ya namna nyingine kwa yale makubwa kabisa. Basi mzee aliyezoea motokaa ndogo kwa miaka arobaini ajikuta siku moja ameshika usukani wa nyumba nzima, mkewe ameketi kando yake, na vikombe vyagongana kabatini nyuma yao.

Ndipo swali linapozuka: Ni nani atakayeendesha?

Kwa wengi jibu limekuwa moja tu. Mume huendesha. Mke huketi kiti cha pili, akishika ramani na kumenya chungwa. Hawakuketi wakakata shauri hivyo. Ndivyo mambo yalivyoangukia. Mume asema, “Wewe pumzika, mke wangu, gari hili ni zito.” Mke asema, “Mimi naogopa, endesha wewe.” Wote wawili waona kwamba wanapendana, na kweli wanapendana. Miaka yapita hivyo. Kisha siku moja, katika barabara ndefu ya nchi kavu, na mji wa karibu uko umbali wa kilomita 100, yule mzee ashika kifua chake. Ajitahidi kulisimamisha gari kando ya njia. Jasho lamtoka. Na yule mama aliyesafiri naye maelfu ya kilomita hajui hata namna ya kufungua breki.

Ndugu msikilizaji, hapo upendo upo, lakini msaada haupo.

Kwa sababu hiyo wazoefu wa safari hizo hushauri kwamba kila mmoja ajue kuendesha, hata kama mmoja ndiye atakayeendesha zaidi. Wako walimu huko ambao kazi yao ni kuwafundisha waume kwa wake. Huwaonyesha jinsi mkia wa gari refu unavyotupwa upande wa pili wakati wa kukata kona, hata waweza kugonga nguzo. Huwaonya wajue kimo cha gari lao kabla ya kupita chini ya daraja. Huwafundisha kushuka mlima kwa gia nzito, wasitegemee breki peke yake mpaka ishike moto. Hayo si mambo ya nguvu za mikono. Usukani wa magari hayo husaidiwa na mashine, hata mtu mwembamba aweza kuuzungusha. Ni mambo ya kujifunza tu, na anayejifunza hapungukiwi na kitu.

Sasa tuyageukie Maandiko. Katika Agano Jipya wako mume na mke ambao riziki yao ilitokana na nyumba za wasafiri. Ni Akila na Prisila, washonaji wa mahema. Hao nao walisafiri sana. Akila alizaliwa Ponto, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Wakakaa Rumi. Kaisari Klaudio, yapata mwaka wa 49 baada ya Kristo, akawaamuru Wayahudi watoke Rumi, nao wakafunga mizigo wakaenda Korintho. Huko wakamkaribisha Paulo, wakafanya kazi pamoja naye. Kutoka Korintho wakavuka bahari mpaka Efeso. Baadaye twawakuta tena Rumi, na kanisa lakutana nyumbani mwao. Kila walipofika ilikuwapo kazi ya mikono, na ilikuwapo kazi ya Mungu.

Tazama jambo moja dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Majina yao hayatajwi kamwe moja bila lingine. Tena si mume anayetangulia sikuzote. Katika Matendo 18:2 ametangulia Akila. Katika mstari wa 18, walipopanda merikebu, ametangulia Prisila. Paulo akiwaandikia Wakorintho amtaja mume kwanza. Akiwaandikia Warumi amtaja mke kwanza. Na alipokuja Apollo, mtu wa elimu na ulimi hodari, lakini hakuijua bado Njia ya Mungu kwa ukamilifu, ni wote wawili waliomchukua kwao na kumweleza. Hatusomi kwamba Akila alifundisha na Prisila akachemsha chai. Wakati mwingine huyu alikuwa mbele, wakati mwingine yule. Na gari halikusimama.

Basi tujifunze mambo matatu kutoka kwa wasafiri hawa, wa mahema na wa magari.

Jambo la kwanza ni kufundishana kabla ya shida.

Mwaka wa 1886 Mjerumani mmoja, Carl Benz, alipata hati ya serikali kwa motokaa aliyoibuni, yenye magurudumu matatu. Mkewe, Bertha, alikuwa ametoa fedha alizopewa na baba yake ili kazi hiyo iendelee. Motokaa ilikuwapo, lakini watu waliitilia shaka. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1888 Bertha aliondoka nayo, yeye na wanawe wawili, kutoka Mannheim mpaka Pforzheim kwa mama yake, safari ya kilomita zaidi ya 100. Mafuta yalipopungua alinunua katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, alimwomba fundi wa viatu azivike ngozi. Milimani watoto walisukuma. Aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari lataka gia nyingine ya kupandia mlima, naye akaitia.

Ni kweli kwamba Bertha aliondoka bila kumwambia mumewe, na mimi siwashauri akina mama kufanya hivyo! Lakini fikirini: angalizibuaje bomba lile kama hakuijua mashine? Alikuwa ameijua tangu ilipokuwa vyuma mezani. Na mume, kwa hekima yake, hakuona haya kupokea shauri la mkewe. Mmoja aliunda, mwenziwe akajaribu, na motokaa ikawa bora kuliko kama mmoja angaliishika peke yake.

Gari hufundishwa mchana, mahali pa wazi, wakati hakuna haraka. Halifundishwi usiku, kwenye mvua, na mgonjwa analia nyuma.

Jambo la pili ni kupumzishana.

Uchovu ni adui asiyepiga hodi. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama mtu aliyekunywa pombe, ingawa hajaonja hata tone. Huko Uingereza kitabu cha sheria za barabara humshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Na wasafiri wa magari-nyumba wa Marekani wana kanuni yao ya tatu tatu: wasiende zaidi ya maili 300 kwa siku, yaani karibu kilomita 480, kama kutoka Nairobi mpaka Mombasa; wafike kambini kufikia saa tisa alasiri; na wakae siku tatu kabla ya kuondoka tena. Kanuni hiyo si amri ya serikali. Ni hekima ya watu waliochoka, wakajifunza.

Sisi tunafanyaje? Krismasi ikikaribia, baba atoka kazini Nairobi saa kumi na moja jioni, apakia watoto na mizigo na gunia la sukari, akaanza safari ya kwenda Kakamega au Kisii usiku huo huo. Mama aliye kando ana leseni, tena aliipata kwa haki, lakini usukani hapewi. “Wewe lala,” aambiwa. Yeye alala, watoto walala. Na kule kwenye miteremko ya kupita Nakuru, macho ya baba nayo yaanza kufumba. Mmefika nyumbani salama mara kumi? Mshukuruni Mungu. Lakini msimjaribu mara ya kumi na moja.

Musa mwenyewe, mtu wa Mungu, alichoka mikono. Twasoma katika Kutoka 17 kwamba vita na Amaleki vilipoendelea, Haruni na Huri walimwekea jiwe akae, wakamshika mikono, mmoja upande huu na mmoja upande huu, mpaka jua likachwa. Musa hakusema, “Niacheni, mimi ndiye kiongozi.” Alikubali kushikwa, na watu wakashinda. Kukubali kupumzishwa si udhaifu. Anayekataa kupumzishwa ndiye anayewahatarisha wote waliolala nyuma yake.

Jambo la tatu ni ulimi wa yule asiyeshika usukani.

Usukani ni mmoja, na mikono miwili ya mtu mmoja yautosha. Kupokezana si kung’ang’ania pamoja. Lakini wako watu ambao wakimwachia mwenzao usukani huanza kuendesha kwa ulimi: “Polepole! Mbona umepita hapo? Huoni shimo? Nilijua hutaweza!” Mke aliyejifunza kwa woga akitukanwa mara mbili, harudi tena katika kiti kile. Na mume anayesikia makosa yake yakihesabiwa tangu Nakuru mpaka Eldoret, hawezi kuendesha kwa moyo mtulivu.

Wasafiri wa magari-nyumba wanajua sana shida hii. Saa ya ugomvi kwao si barabarani bali jioni kambini, wakati wa kurudisha lile gari refu kinyumenyume mahali pake. Mmoja yumo ndani, mwenzake amesimama nje akimwelekeza. Hapo mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi hupigiana makelele mbele ya majirani wapya. Dawa yao ni hii: kabla ya kuanza, hupatana ishara za mikono. Huu ni mkono wa “njoo,” huu ni wa “simama.” Tena kuna sharti moja kubwa: dereva asipomwona mwenzake katika kioo, asimame papo hapo. Asikisie, asiendelee kidogo tu. Asimame mpaka amwone tena.

Laiti tungelichukua sharti hilo katika ndoa zetu! Nyumba ngapi zimegonga ukuta kwa sababu mmoja aliendelea kurudi nyuma na hamwoni mwenzake? Alikopa bila kumwona. Aliuza ng’ombe bila kumwona. Alimpeleka mtoto shule nyingine bila kumwona. Ndugu yangu, kama siku hizi humwoni mwenzako katika kioo, simama kwanza. Mwite. Mngojee aje mahali unapomwona, ndipo mwendelee.

Wapenzi wasikilizaji, mmekwisha kuona kwamba sisemi habari za magari peke yake. Wengi wetu hatuna motokaa, wala hatutalala kamwe katika gari-nyumba. Lakini kila nyumba ina usukani wake, na katika nyumba nyingi za Wakristo umeshikwa na mtu mmoja ambaye hajamwonyesha mwenziwe breki iko wapi.

Hati ya shamba iko wapi? Baba ndiye ajuaye. Deni la chama cha ushirika ni shilingi ngapi? Baba ndiye ajuaye. Ni nani aliyekodishwa lile shamba la mtoni, na kwa muda gani? Walipatana kwa mdomo, chini ya mti, na mama hakuwapo. Pesa nyingine zimo katika simu, na namba ya siri imo kichwani mwa mtu mmoja. Kisha Baba aitwa na Bwana wake kabla ya mapambazuko. Mama aliyeishi naye miaka thelathini asimama uani, amejifunga leso kiunoni, na watu wa mbali wanakuja na karatasi asizozijua, wakisema, “Hili lilikuwa letu.” Mchungaji yeyote aliyezika watu anaifahamu siku hiyo. Machozi yake ni mawili: moja la kufiwa, na lingine la kutojua. Lile la kwanza hatuwezi kulizuia. Lile la pili twaweza.

Wala lawama si ya akina baba tu. Yuko mama ambaye peke yake ajua kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi, ni dawa gani humdhuru, karo imebaki kiasi gani, na nani wa kumwendea maziwa yakipungua. Naye husema, “Wanaume hawawezi mambo haya.” Je, amewahi kuyafundisha? Siku akilazwa hospitali, mzee azunguka jikoni kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Mtu aweza kuuliza, “Je, mume si kichwa cha nyumba?” Nami namjibu, ndugu, soma sura ile yote. Kabla ya kusema habari za kichwa, Paulo awaambia Waefeso, katika sura ya 5 mstari wa 21, wanyenyekeane wao kwa wao kwa kumcha Kristo. Kisha amwonyesha mume mfano wa Kristo, aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Kristo hakuwaacha wanafunzi wake wakiwa hawajui kitu. Aliwafundisha, akawatuma wawili wawili, akawapa kazi yake kabla ya kuondoka. Kichwa kinachopenda mwili wake hakiuachi gizani.

Na wewe uliye peke yako, mjane au usiyeoa au usiyeolewa, usiseme kwamba neno hili si lako. Paulo alikuwa peke yake, lakini hakusafiri peke yake. Alikaa katika nyumba ya Akila na Prisila, akala mezani pao, na wao wakahatarisha maisha yao kwa ajili yake. Tafuta ndugu mwaminifu katika kanisa ajuaye njia zako na mahali zilipo karatasi zako. Na ninyi mlio wawili, acheni kiti kimoja wazi kwa mtu kama huyo.

Basi jioni ya leo, mkiisha kula, fanyeni jambo moja. Zimeni redio, naam, hata hii. Baba, leta lile sanduku la karatasi mezani, ulifungue mbele ya Mama, umweleze moja moja. Mama, mwambie Baba yale uyajuayo peke yako. Na kama kuna motokaa uani, na mmoja wenu hajui kuiendesha, au ana leseni ambayo haijatoka kabatini, agizaneni siku ya kuanza. Mkiona aibu au hofu, ombeni kwanza, kisha anzeni.

Natuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, Wewe uliyetuweka wawili wawili katika njia, twakushukuru kwa ajili ya wenzetu. Utusamehe kwa kuwa tumeshikilia peke yetu yale uliyotupa pamoja. Uwape wenye nguvu moyo wa kufundisha, na wenye hofu moyo wa kujifunza. Uzuie ndimi zetu zisivunje moyo wa mwenzetu aliye kazini. Uwalinde wote walio barabarani asubuhi hii, madereva wa mabasi na malori, na wale watakaosafiri usiku. Uwe karibu na wajane waliosimama peke yao. Nasi tutakapochoka, utupe mtu wa kutushika mikono, mpaka tufike nyumbani kwako. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.